Neno "refugee" lilitoka wapi, na linamhusu nani?

Katika kambi na mitaa ya Kivu, watu waliokimbia vita wanaitwa kwa majina mengi. Kwa Kiswahili ni wakimbizi. Wengi wanasema pia wadeplase, neno lililotoka kwa Kifaransa. Na kwenye karatasi za mashirika ya misaada linaonekana neno la Kiingereza, "refugee". Wakaaji wengi wanalitumia kwa kila mtu aliyeacha nyumba yake. Lakini neno hilo lina historia yake, na maana yake katika sheria inagusa maisha ya familia.

Lilianzia Ufaransa. Kunako Oktoba 1685, mfalme Louis wa 14 alifuta amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu tangu mwaka 1598. Makanisa yao yalibomolewa na wachungaji wao wakafukuzwa. Waumini wa kawaida walikatazwa kutoka nchini, lakini maelfu kwa maelfu walitoroka kwa siri. Waliofika Uingereza walikuja na neno lao, "réfugié", na Waingereza wakaligeuza kuwa "refugee". Lilimaanisha mtu anayetafuta mahali pa kujisitiri.

Mwaka 1914 maana ikapanuka. Jeshi la Ujerumani lilivamia Ubelgiji, na Wabelgiji zaidi ya milioni moja wakakimbia. Karibu 250,000 kati yao walipokelewa Uingereza. Kwa hiyo raia wa nchi iliyotawala Kongo wakati ule wao wenyewe waliitwa kwa jina hilo, wakilala katika nyumba za watu wasiowajua.

Tarehe 28 Julai 1951, huko Geneva, mataifa yalitia sahihi mkataba uliolipa neno hilo maana ya sheria: ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Mkataba huo unakataza kumrudisha mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Mwaka 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliongeza jambo kubwa: hata anayekimbia vita au uvamizi, bila kutafutwa yeye binafsi, ni mkimbizi.

Lakini sheria zote mbili zinadai kitu kimoja, yaani kuvuka mpaka. Mama aliyetoka Masisi akafika Goma si "refugee" kwa maana hiyo. Dada yake aliyevuka akafika kambi ya Nakivale nchini Uganda, au Nyarugusu nchini Tanzania, ndiye. Vita ni vile vile, njaa ni ile ile, lakini jina si moja. Kwa yule wa Goma, wa kwanza anayepaswa kumlinda ni serikali ya nchi yake. Ndiyo maana Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wa Kampala mwaka 2009, kwa ajili ya wale waliohama ndani ya nchi zao. Ulianza kutumika Desemba 2012.

Wengine walilikataa neno hilo kabisa. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoharibu mji wa New Orleans, waandishi wa habari wa Marekani waliwaita waliohama "refugees". Watu wengi, hasa Wamarekani weusi, walikasirika: wanaitwaje kama wageni katika nchi yao wenyewe? Rais George W. Bush naye alisema hao ni Wamarekani, si wakimbizi.

Kiswahili hakitenganishi hivyo. Mkimbizi ni aliyekimbia, awe amevuka mpaka au amevuka kilima tu. Neno la Kiingereza linatazama kule mtu anakokwenda kujisitiri, mahali ambapo Kiswahili kinaita kimbilio. Wadeplase nalo linasema mtu ameondolewa pake.

Kwa hiyo, siku ya kuandikishwa, ni vizuri familia ieleze wazi ilitoka kijiji gani, lini, na kama ilivuka mpaka au hapana. Anayeandika atachagua jina kufuatana na majibu hayo, na kila jina lina mlango wake wa haki.