Shetani: Cheo Kilichogeuka Jina

Mkazi wa Kagugu, kule Kinyinya wilayani Gasabo, anaweza kumsikia adui wa Mungu akitajwa kwa majina matatu: Satani katika Biblia ya Kinyarwanda ya Waprotestanti, Sekibi kwa Wakatoliki, na Shetani mara mhubiri anapoingiza Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Yote yanasikika kama jina la mtu fulani. Kwa msomaji wa Agano la Kale, hapo ndipo penye mtego.

Satan ya Kiebrania ni nomino ya kawaida tu: mpinzani, mzuia njia, mshtaki. Katika Hesabu 22 anayemzibia Balaamu njia ni malaika wa Bwana, na neno linalotumika ni hilohilo. Katika Ayubu na Zekaria 3 limetanguliwa na kibainishi, ha-satan, sawa na kusema "yule mshtaki". Huyo ni mjumbe wa baraza la mbinguni, ana kazi yake, na hamgusi Ayubu mpaka apewe ruhusa. Sasa tazama sensa ya Daudi. Kwa mujibu wa 2 Samweli 24, ni hasira ya Bwana iliyomchochea mfalme ahesabu watu. Mwandishi wa 1 Mambo ya Nyakati 21, aliyekuja baadaye, anamtwika lawama satan, tena bila kibainishi. Cheo kimeanza kuwa jina.

Wayahudi waliotafsiri maandiko hayo kwa Kigiriki waliandika diabolos, msingiziaji. Wataalamu wengi huona kwamba ndilo lililozaa Iblis ya Kiarabu, kwa hiyo Ibilisi wetu ni Mgiriki aliyepitia Uarabuni. Biblia ya Union ya 1952 inawatumia wote wawili, Ibilisi na Shetani. Lakini Shetani wa Kiswahili alikuwa na jamaa zake pwani kabla ya wamisionari: mashetani wa baharini na wa mibuyuni, wanaopungwa kwa ngoma. Mshtaki wa Ayubu hapungwi. Anajibiwa hoja.

Ufunuo unakusanya yote. Nyoka wa Edeni, ambaye kitabu cha Mwanzo hakimwiti Shetani hata mara moja, anakuwa joka, Ibilisi na Shetani kwa pamoja. Katika sura ya 12 anatupwa chini, na hata hapo bado anaitwa mshtaki wa ndugu. Kazi ya zamani haijasahaulika. Sura ya 20 inamfunga miaka 1000, inamfungulia muda mfupi, kisha inamtupa katika ziwa la moto. Wahubiri wa siku za mwisho humwongezea Lusifa na Mpinga Kristo, ambao Ufunuo hauwataji. Lusifa ni Kilatini cha nyota ya alfajiri katika Isaya 14, utungo wa kumdhihaki mfalme wa Babeli. Mpinga Kristo yumo katika nyaraka za Yohana tu. Sheria ya Rwanda ya 2018 iliwataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya teolojia, kwa hiyo mchanganyo huu umekosa udhuru.

Tena si suala la vitabu pekee. Katika gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda zilizofungwa 2012, wapo waliokiri mauaji ya kimbari ya 1994 kwa kusema Shetani aliwaingia. Sheria ya gacaca haikutosheka: aliyekiri alipaswa kueleza tendo lenyewe, kuwataja alioshirikiana nao na kuomba radhi. Mshtaki wa mbinguni alikuwa amesukumwa kizimbani ili binadamu apumzike.

Kwa hiyo napendekeza istilahi mbili. Katika Ayubu na Zekaria tuandike "yule mshtaki", kwa herufi ndogo, na katika Hesabu "mpinzani". Shetani abaki katika Injili na Ufunuo, ambako kweli amekuwa mtu mwenye jina. Mambo ya Nyakati yatawagawa watafsiri, nami ningeweka "mpinzani" pamoja na tanbihi.