Kabla hujapiga hema Saadani

Wadau, masika yakishaisha vijana wa Dar huanza kupanga safari za kupiga kambi. Wengi wanataja Mikumi, na wenye mfuko mnene wanataja Serengeti. Saadani huwa inasahaulika, wakati iko jirani kabisa, kaskazini ya Bagamoyo, na ndipo unapoweza kutembea porini asubuhi na jioni ukaoga baharini.

Mpango wa safari kama hiyo huwa una hema, maji, gari na askari wa kuwasindikiza. Mimi naongeza kitu kimoja: historia. Bila hiyo utarudi mjini ukiwasimulia wenzako kwamba umelala katika pori ambalo halijaguswa na binadamu. Si kweli hata kidogo.

Tuanze na karne ya 19. Saadani ilikuwa bandari. Ng'ambo yake ni Unguja, na nyuma yake kulikuwa na njia ya misafara iliyopita Uzigua hadi Mpwapwa na kuendelea bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani kwa njia hiyo, watumwa pia, na vitambaa vikapanda bara. Wamisionari nao waliijua. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alianzia Saadani kujaribu kama ng'ombe wanaweza kuvuta mizigo hadi Mpwapwa badala ya wapagazi. Mwaka 1877 Alexander Mackay, aliyekuja kujulikana sana Uganda, alisimamia ufyekaji wa barabara kwenye njia hiyo hiyo. Lakini ng'ombe wa wamisionari walikufa njiani kwa sababu ya mbung'o. Mkumbuke huyo mdudu, tutakutana naye tena.

Mtawala wa Saadani alikuwa Bwana Heri bin Juma, mtu ambaye hakujiona kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 Sultani alipoikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, watu wa pwani walikataa. Shuleni tulisomeshwa habari za Abushiri wa Pangani, aliyenyongwa Desemba 1889. Bwana Heri tulimpita haraka haraka, kumbe alidumu kwenye mapambano kuliko Abushiri! Manowari za Wajerumani ziliipiga Saadani mizinga na mji ukatekwa katikati ya 1889. Yeye akarudi nyuma bara, akajenga boma jingine, akapigana tena. Alisalimu amri Aprili 1890.

Vita peke yake havikuimaliza Saadani. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, halafu wakajenga reli, moja kutoka Tanga na nyingine kutoka Dar. Mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani ukaingia kwenye behewa. Bandari isiyo na reli ikabaki kijiji cha wavuvi.

Miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ilianzisha ranchi kubwa ya ng'ombe huko Mkwaja, kaskazini. Walifyeka vichaka, wakachoma ng'ombe sindano, wakawaogesha dawa. Vichaka viliota tena na mbung'o hakuondoka. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na ardhi yake ikaja kuunganishwa na pori la akiba lililokuwapo tangu miaka ya 1960. Hifadhi ya Taifa ya Saadani ikatangazwa mwaka 2005. Kwa hiyo sehemu ya mbuga unayopiga picha leo ni malisho ya juzi tu.

Na watu je? Kijiji cha Saadani bado kipo, kimezungukwa na hifadhi. Wakazi wa kitongoji cha Uvinje wanasema wazee wao ndio walioikaribisha serikali miaka ya 1960 isaidie kulinda wanyama, kwa makubaliano kwamba ardhi yao itabaki yao. Mipaka ya 2005 ikawakuta wako ndani, wakaambiwa ni wavamizi. Mgogoro huo ulichukua miaka mingi. Ukiijua historia ya Bwana Heri, neno "mvamizi" linakuwa gumu kulitamka kwa mtu wa Saadani.

Sasa tupange safari. Msiende Machi hadi Mei, udongo mweusi wa kule hunasa gari vibaya sana. Juni hadi Oktoba ni kuzuri. Matembezi ya miguu ni lazima muwe na askari mwenye silaha, kwa hiyo ulizeni mapema. Msivae nguo za bluu wala nyeusi, maana mbung'o anazipenda rangi hizo (mdudu aliyeishinda ranchi nzima hatashindwa na jinzi yako). Mto Wami una viboko na mamba, hema lisisogee ukingoni.

Halafu tengeni nusu siku kwa ajili ya kijiji. Nunueni samaki pale, salimieni wazee, ombeni mtu wa kijijini awaonyeshe magofu na makaburi ya zamani, na mumlipe. Muulizeni pia habari za Uvinje. Kiingilio cha getini kinaenda serikalini. Hela ya samaki inabaki kwa wenyeji.

Kama kuna mdau ambaye babu yake alitembea njia ya Saadani hadi Mpwapwa, atusimulie. Vitabu vingi vya njia ile viliandikwa na wageni.