Kununua gari jipya nchi jirani Ulaya: Kodi hulipwa wapi?

Mkazi wa Flensburg, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Denmark, anahitaji dakika chache tu barabarani kufika kwa muuzaji wa magari wa Denmark. Denmark inajulikana kuwa miongoni mwa nchi za Ulaya ambako raia hulipa bei kubwa zaidi kwa gari. Hata hivyo, kwa miaka mingi Wajerumani wamekuwa wakivuka mpaka kwenda kununua magari mapya huko na kurudi nayo nyumbani kwa gharama ndogo kuliko ya muuzaji wa mtaani kwao.

Biashara hii ni halali kabisa. Umoja wa Ulaya una soko la pamoja, na tangu Januari 1, 1993 ukaguzi wa forodha katika mipaka ya ndani ulifutwa. Mtu akinunua gari Copenhagen akalipeleka Hamburg, halipi ushuru wa forodha hata senti moja. Lakini mpaka wa kodi haujafutwa, na anayeusahau anaweza kujikuta amelipa zaidi kuliko kama angebaki nyumbani.

Kwa nini bei hutofautiana?

Bei ya gari ina sehemu mbili: bei ya kiwanda na muuzaji kabla ya kodi, na kodi za serikali. Kodi za Denmark ni nzito. Kuna kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ya asilimia 25, na juu yake kodi ya usajili wa gari. Kwa muda mrefu kiwango cha juu cha kodi hiyo ya usajili kilikuwa asilimia 180, na sasa ni asilimia 150 kwa sehemu ya thamani inayozidi kiwango fulani.

Kama kampuni za magari zingeuza Denmark kwa bei ileile ya Ujerumani kabla ya kodi, wateja wangekuwa wachache mno. Kwa hiyo kampuni zilizoea kushusha bei ya msingi ili, kodi zikishaongezwa, gari liweze kununulika. Mgeni anayelichukua gari nje ya Denmark bila kulisajili huko hailipi ile kodi ya usajili. Anabaki na bei ya msingi iliyopunguzwa. Ujerumani haina kodi ya usajili ya namna hiyo. Mwenye gari hulipa ada ndogo ya kusajili, na baada ya hapo kodi ya gari ya kila mwaka.

Njia hiyo haina faida ikigeuzwa. Mkazi wa Denmark akinunua gari Ujerumani, kodi ya usajili itamsubiri nyumbani. Hali ni kama hiyo kwa mkazi wa Uholanzi, ambako kodi ya usajili hupangwa kwa kuangalia kiasi cha hewa ya ukaa kinachotolewa na gari.

Gari "jipya" ni lipi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa bidhaa nyingi, mnunuzi wa kawaida ndani ya Umoja wa Ulaya hulipa VAT dukani, katika nchi aliyonunulia, na mambo yakaishia hapo. Gari jipya lina sheria yake: VAT hulipwa katika nchi linakopelekwa, kwa kiwango cha nchi hiyo, hata kama mnunuzi ni mtu binafsi.

Sheria inaliita gari jipya ikiwa halijafikisha zaidi ya miezi sita tangu lianze kutumika, au halijatembea zaidi ya kilomita 6,000. Sharti moja kati ya hayo mawili linatosha. Gari la miezi minne lililotembea kilomita 9,000 bado ni jipya. Gari la mwaka mzima lililotembea kilomita 5,000 pia ni jipya, ingawa muuzaji ameliandika kuwa limetumika. Ni lile tu lililovuka mipaka yote miwili linalohesabiwa kuwa kuukuu, na hilo kodi yake humalizwa kule linakouzwa.

Viwango vya VAT vinatofautiana sana. Ujerumani ni asilimia 19, Uholanzi na Ubelgiji 21, Poland 23, Sweden 25 na Hungary 27. Anayedhani kwamba atakwepa asilimia 27 za Hungary kwa kununua gari jipya Ujerumani hatafaulu, kwa kuwa atadaiwa zote atakaporudi kwao.

Hesabu inavyokwenda

Tuchukue mfano. Gari linauzwa Ujerumani kwa euro 20,000 kabla ya kodi. Likiongezwa VAT ya asilimia 19, mnunuzi analipa euro 23,800. Tuseme gari hilohilo Denmark bei yake kabla ya kodi ni euro 17,500. Mnunuzi analipa kiasi hicho kwa muuzaji, kisha euro 3,325 kwa idara ya kodi ya Ujerumani. Jumla ni euro 20,825. Ameokoa euro 2,975, kabla ya kutoa gharama za safari, namba za muda na bima.

Sasa tuseme muuzaji alimtoza VAT ya Denmark ya asilimia 25, na mnunuzi akakubali bila kuuliza. Atakuwa ameacha kwa muuzaji euro 21,875. Akifika nyumbani, Ujerumani bado itamdai euro 3,325. Jumla ni euro 25,200, yaani euro 1,400 zaidi ya bei ya nyumbani. Kurudishiwa kodi ya kwanza kunategemea ushahidi kwamba gari lilitoka nchini, na pia kunategemea muuzaji atakuwa tayari kiasi gani kusaidia.

Ndiyo maana mkataba unapaswa kuonyesha wazi bei kabla ya kodi, na kueleza kwamba gari linapelekwa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Baadhi ya wauzaji huomba amana inayolingana na VAT, na kuirudisha wakipata uthibitisho kwamba gari limesajiliwa ng'ambo. Masharti ya kuirudisha amana hiyo yaandikwe kabla ya fedha kutolewa. Nchini Ujerumani, mtu binafsi ana siku 10 tangu kulipata gari kuwasilisha fomu na kulipa VAT.

Kampuni zilizojaribu kufunga njia

Wanunuzi hawakupata uhuru huu bila mvutano. Mwezi Septemba 1992, lira ya Italia ilijiondoa katika mfumo wa kubadilishana fedha wa Ulaya na thamani yake ikaporomoka. Ghafla magari ya Kijerumani yakawa rahisi zaidi Italia kuliko Ujerumani yalikotengenezwa. Wajerumani, na baadaye Waaustria, wakamiminika kwa wauzaji wa Italia. Wengi walirudi mikono mitupu, kwani waliambiwa gari haliuzwi kwa mgeni.

Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ilichunguza, na Januari 1998 ikaitoza Volkswagen faini ya milioni 102 za ECU, kipimo cha fedha kilichotangulia euro. Iligundua kuwa kampuni hiyo, ikishirikiana na kampuni tanzu zake Audi na Autogerma, iliwabana wauzaji wa Italia wasiwauzie wateja wa nje, ikiwemo kwa kutishia kuvunja mikataba yao. Mwaka 2000 mahakama ilipunguza faini hiyo hadi euro milioni 90, lakini kosa lenyewe lilithibitishwa, na rufaa ya mwisho ilikataliwa mwaka 2003.

Kampuni nyingine zilitumia njia ya kimyakimya zaidi. Opel ya Uholanzi ilitozwa faini ya euro milioni 43 mwaka 2000, na Peugeot euro milioni 49.5 mwaka 2005. Katika kesi zote mbili, jambo lililolaumiwa zaidi lilikuwa mpango wa kuwalipa wauzaji wa Uholanzi bonasi kwa magari yaliyosajiliwa ndani ya nchi hiyo pekee. Muuzaji akimhudumia Mjerumani, alikosa bonasi, hivyo hakuwa na hamu ya kumhudumia. Mahakama ilipunguza faini hizo pia, ila haikuzifuta.

Msimamo wa sheria hadi leo ni huu: kampuni ya magari inaweza kumkataza muuzaji wake kuwauzia wachuuzi wasioidhinishwa, lakini haiwezi kumkataza kumuuzia mtumiaji wa mwisho kutoka nchi nyingine, wala wakala anayemnunulia mtumiaji huyo kwa idhini ya maandishi.

Nyaraka na dhamana

Karatasi muhimu kuliko zote ni cheti cha ulinganifu kinachotolewa na mtengenezaji. Kinathibitisha kwamba gari limejengwa kwa viwango vya Ulaya, na kwa cheti hicho nchi yoyote ya Umoja inapaswa kulisajili bila kulipima upya kiufundi. Pamoja nacho mnunuzi abebe ankara, mkataba, uthibitisho wa malipo na hati ya usajili kama gari liliwahi kusajiliwa. Ili kulisafirisha kwa barabara atahitaji namba za muda na bima inayotambulika katika kila nchi atakayopita.

Dhamana ya mtengenezaji inatambuliwa na gereji zake zilizoidhinishwa kote katika Umoja wa Ulaya. Tarehe yake ndiyo ya kuangaliwa. Magari mengine husajiliwa kwa siku moja tu kabla ya kuuzwa nje, na dhamana huanza kuhesabiwa siku hiyo. Gari likikaa miezi mitano kwenye yadi, mnunuzi amepoteza miezi mitano. Vifaa pia hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kama jina la gari ni moja. Linganisha orodha ya vifaa mstari kwa mstari.

Usukani wa upande wa kulia hauzuii usajili. Mwezi Machi 2014 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Poland na Lithuania zilikiuka sheria kwa kudai usukani uhamishwe kabla ya gari kusajiliwa.

Uingereza, kwa upande wake, imetoka katika utaratibu huu. Tangu kipindi cha mpito cha Brexit kilipomalizika Desemba 31, 2020, gari linalotoka huko hupita forodha, na ushuru wa Umoja wa Ulaya kwa magari ya abiria ni asilimia 10, isipokuwa likithibitishwa kuwa lina asili ya Uingereza kwa mujibu wa mkataba wa biashara.

Je, Afrika Mashariki?

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina umoja wa forodha, ulioanza kazi mwaka 2005, wenye ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje. Lakini kodi za ndani zimebaki mikononi mwa kila nchi: VAT ya Kenya ni asilimia 16, za Tanzania na Uganda asilimia 18. Gari lililolipiwa kodi na kusajiliwa Nairobi halijamaliza deni lake likihamia Kampala au Arusha moja kwa moja. Kibali cha muda humruhusu mwenyewe kulitembeza tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayenunua gari ng'ambo ya mpaka, awe Ulaya au Afrika Mashariki, ni gari litasajiliwa wapi. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kodi italipwa kwa nani, na bei iliyobandikwa kwenye kioo isomwe baada ya hapo.