Uvimbe wa taya unaotokana na meno: Fahamu aina zake na wakati wa kutafuta matibabu

Je, umegusa taya lako ukahisi uvimbe usiouma? Au umeona vidoti vyeupe kwenye ufizi wa mtoto wako mchanga, na jirani akakuambia ni "meno ya plastiki"? Makala haya yanakueleza uvimbe huo unaweza kuwa nini, upi unaisha wenyewe na upi unahitaji daktari.

Sisti ni nini?

Sisti ni kifuko kinachoota mwilini na kujaa majimaji au uji mzito. Sisti nyingi za taya hutokana na seli zilizotengeneza meno. Jino likishakamilika, baadhi ya seli hizo hubaki kwenye mfupa na ufizi bila kufanya kazi. Baadaye zinaweza kuanza kukua tena, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi. Kifuko kinapopanuka, mfupa unaokizunguka huliwa polepole. Sisti si saratani na haiambukizi.

Aina zinazowapata watoto

• Sisti za ufizi za mtoto mchanga. Ni vidoti vyeupe au vya manjano, vidogo kama punje ya mtama. Haviumi, havizuii kunyonya, na huisha vyenyewe ndani ya wiki chache au miezi michache. Usivitoboe.

• Sisti ya jino linalochomoza. Ni uvimbe laini wenye rangi ya bluu au zambarau mahali jino linapotaka kutokea. Mara nyingi hupasuka wenyewe jino linapotoka.

Je, "meno ya plastiki" ni ugonjwa?

Hapana. Kinachoitwa "meno ya plastiki" nchini Tanzania au "ebiino" nchini Uganda ni ufizi wa kawaida uliojaa kidogo mahali chonge za mtoto zinapokua. Mtoto anapopata homa, kuhara au kutapika, baadhi ya watu huamini chanzo ni meno hayo, na huyachimba kwa kisu au spoku ya baiskeli.

Tunaelewa kwamba mzazi hufanya hivyo kwa kutaka kumwokoa mtoto. Lakini kuchimba ufizi hakutibu homa wala kuhara. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, maambukizi ya damu au virusi vya UKIMWI, na meno yake ya ukubwani yanaweza kuharibika. Wakati huohuo, ugonjwa wenyewe, kama malaria au nimonia, unabaki bila kutibiwa.

Mtoto akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akihara, endelea kumnyonyesha, na uombe maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki.

Aina zinazowapata vijana na watu wazima

• Sisti ya mzizi wa jino. Hii ndiyo inayopatikana zaidi. Jino lililotoboka likiachwa, vijidudu hufika ndani na jino hufa. Maumivu yanaweza kuisha na ukadhani umepona, kumbe kifuko kinakua kwenye ncha ya mzizi. Tiba ni kusafisha na kuziba mzizi, au kung'oa jino na kuondoa sisti. Jino liking'olewa na sisti ikabaki, inaweza kuendelea kukua. Uvimbe usipoisha baada ya kung'oa, rudi kwa daktari.

• Sisti ya jino lililokwama. Hulizunguka jino ambalo halijachomoza, hasa gego la mwisho la chini au chonge ya juu. Huonekana zaidi kwa vijana na watu wazima wa umri mdogo. Kijana ambaye jino lake la ukubwani limechelewa sana kutoka anapaswa kuchunguzwa.

• Keratosisti. Hutokea zaidi nyuma ya taya la chini. Hukua kwa kufuata urefu wa mfupa, hivyo inaweza kuwa kubwa kabla uso haujavimba. Ina tabia ya kurudi baada ya upasuaji. Usiache kwenda kwenye miadi ya uchunguzi kwa miaka kadhaa, hata ukijiona mzima.

Kwa nini kipimo ni muhimu?

Huwezi kujua aina ya uvimbe kwa kuutazama. Daktari ataagiza picha ya eksirei, na wakati mwingine atachukua kipande kidogo kikapimwe maabara. Ameloblastoma, uvimbe mwingine unaotokana na seli za meno, hufanana na sisti kwenye picha lakini huhitaji upasuaji mkubwa zaidi.

Kwa mtoto, uvimbe wa taya unaokua haraka ndani ya siku au wiki chache, huku meno yakilegea, unaweza kuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Saratani hii hupatikana zaidi katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi, na ilielezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Inatibika kwa dawa, hasa ikigunduliwa mapema. Usisubiri.

Nenda kituo cha afya leo hii ikiwa:

• uvimbe umeambatana na homa au unashuka shingoni
• unashindwa kumeza, kupumua au kufungua mdomo
• uvimbe wa mtoto unakua haraka

Usichelewe kwenda pia ikiwa mdomo wa chini au kidevu kimekufa ganzi, meno yanalegea bila sababu, au usaha hautakati.

Ufanye nini?

1. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Eleza uvimbe ulianza lini na kama uliwahi kung'olewa jino upande huo.
2. Ikiwa hakuna eksirei hapo, uliza kuhusu rufaa ya kwenda hospitali kubwa.
3. Kabla ya kusafiri, uliza nani atalipia usafiri na vipimo. Kama unaishi kambini, uliza pia kama unahitaji kibali cha kutoka.
4. Tunza barua ya rufaa, picha na majibu yako yote.
5. Usitoboe, usikande wala usichome uvimbe. Dawa za kuua vijidudu zinaweza kupunguza usaha, lakini haziondoi kifuko.

Ili kujikinga na sisti ya mzizi, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, punguza vitu vya sukari, na tibu jino lililotoboka kabla halijaanza kuuma.