Kengele ya Frere Town na Kurasa Zisizosema

Msomaji wangu, ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa na kushika njia ya Kisauni, hukawii kufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo si la bure. Pana kengele kuukuu hapo, imetundikwa katika mnara wake, na magari hupita karibu nayo mchana kutwa, aghalabu abiria wasiinue hata macho kuitazama. Ni kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na chama cha wamisionari wa Kiingereza kiitwacho CMS ili kuwapa makao watu waliokombolewa katika utumwa. Mji ulipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Mkataba wenyewe ulitiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo huo.

Yasimuliwa kwamba kengele hiyo ililizwa kuwaonya wakazi kila majahazi ya wafanya biashara ya watumwa yalipoonekana yakija. Hebu ifikiri kazi yake. Mkulima aliyeinamia jembe, mama aliyekuwa kisimani, na mzee aliyepofuka macho akiwa barazani, wote walipata habari kwa dakika moja. Alichokiona mlinzi kwa macho kiligeuzwa kuwa sauti, na sauti ikawafaa watu wote. Nimesema wote, lakini nimekosa. Kiziwi hakuipata. Yeye alihitaji mtu wa kumshika mkono na kumwonyesha bahari kwa kidole.

Nimeanza na kengele kwa sababu nataka tutazame jambo moja katika historia ya habari. Kila njia ya kupeleka habari ina mtu inayemsahau, na aliyeijenga njia hiyo ni nadra kumtambua aliyesahauliwa, mpaka mwenyewe atoe sauti.

Twende kwanza Ufaransa. Huko aliishi Charles Barbier, mtu aliyepata kuwa afisa wa jeshi, ambaye alibuni maandishi ya nukta zilizoinuka katika karatasi, yasomwe kwa kidole pasipo mwanga. Mwaka 1821 maandishi hayo yaliletwa katika chuo cha vijana wasioona mjini Paris. Lilikuwa wazo jema, walakini lilikuwa na ila ambayo Barbier, mtu mwenye macho, hakuweza kuihisi. Alama moja iliweza kuwa na nukta 12, na ncha ya kidole haikuweza kuzikusanya kwa mguso mmoja. Tena alama zake zilifuata sauti tu, zisionyeshe tahajia ya maneno. Aliyezigundua ila hizo na kuziondoa alikuwa mwanafunzi wa chuo kile, Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza macho utotoni kwa kujidunga na chombo katika karakana ya baba yake, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Alipotimiza umri wa miaka 15 alikwisha kupunguza nukta 12 zikawa 6. Nukta hizo 6 hutoa alama 63, na kila moja huenea chini ya ncha ya kidole. Mwaka 1829 alichapisha kazi yake. Ndiyo breli tuijuayo leo.

Sasa uruke nami zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika maabara ya CERN kule Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikawa wazi kwa watu. Kurasa za siku zile zilikuwa maneno matupu. Hazikuvutia macho, lakini ziliwafaa sana wasioona, kwa kuwa zilikuwapo tayari programu za kusoma kwa sauti maneno yaliyo katika kioo cha kompyuta. Moja yao, JAWS, ilitokea mwaka huo huo wa 1989. Mnamo 1993 ikaja programu ya Mosaic iliyoweza kuonyesha picha katikati ya maandishi, na dunia ikashangilia. Nani hapendi picha? Ila programu ya kusoma haiwezi kusoma picha isipopewa maneno. Mafundi waliliona hilo mapema, wakaweka katika lugha ya kuandikia kurasa nafasi maalumu ambapo mtengenezaji aweza kueleza picha kwa maneno yasiyoonekana kiooni. Nafasi ikawapo, wengi wakaiacha tupu.

Mfano mkubwa wa uzembe huo ulitokea Australia. Mji wa Sydney ulikuwa ukijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, na waandaaji wakafungua tovuti kubwa yenye ratiba, orodha ya michezo na matokeo. Bruce Maguire, mtu asiyeona tangu kuzaliwa, aliyezoea kusoma kompyuta kwa kifaa cha breli, aliifungua akakuta milango imefungwa. Picha hazikuwa na maneno. Kutoka katika ratiba hakuweza kufika kwenye orodha ya michezo. Majedwali ya matokeo hayakusomeka. Mwezi wa Juni 1999 alipeleka mashtaka mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo.

Waandaaji walijitetea kwamba kazi ya kusahihisha ilikuwa kubwa mno. Walidai kwamba majedwali peke yake yangemchukua mtu mmoja siku 368, akifanya kazi saa 8 kila siku. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi walisema kazi ilikuwa ndogo kuliko hivyo kwa mbali. Tarehe 24 Agosti 2000 tume iliamua kwamba Maguire alikuwa amebaguliwa, ikaagiza makosa yasahihishwe kabla ya michezo kufunguliwa tarehe 15 Septemba. Sehemu tu ilisahihishwa, na waandaaji wakatozwa dola 20,000 za Australia alipwe mlalamikaji. Maoni yangu ni haya: hata kama hesabu ya siku 368 ingekuwa kweli, ingewahukumu wao wenyewe, kwa maana mashtaka yalipopelekwa zilikuwa zimebaki siku zaidi ya 400.

Huku kwetu Kenya njia ilianza kabla ya kompyuta. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na Likoni, upande wa pili wa kivuko cha Mombasa, nako iko shule ya namna hiyo. Mwaka 2009 shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika, lilianza kupeleka kompyuta kwa wanafunzi wasioona wa Thika. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na kupata habari, na ya kutumia breli na lugha ya ishara. Mwaka 2022 Kenya ikatoa kiwango chake yenyewe kuhusu kompyuta, simu na tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu.

Haya yote niliyajua siku nilipofanya kosa langu. Katika chuo kimoja cha ualimu nilipewa kazi ya kuitunza tovuti. Ilipofika zamu ya wanachuo kuchagua shule za kufanyia mazoezi ya kufundisha, nilitengeneza tangazo zuri la rangi, lenye tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa, nikalibandika kama picha. Kulikuwa na mwanachuo mmoja asiyeona. Yeye alitumia NVDA, programu ya kusoma itolewayo bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye naye haoni. Alipoufungua ukurasa wangu, alisikia neno "picha" na tarakimu ndefu isiyo na maana, basi. Siku zikapita. Alipokuja kwangu, shule za karibu na kwao zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa, akapangiwa ya mbali, ambako hakuwa na ndugu wa kumwonyesha njia.

"Mwalimu," alisema, "kwangu ukurasa ule ulikuwa mtupu."

Nilimjibu, nami naona haya kuliandika jibu hilo, kwamba wenzake wangeweza kumsomea.

Akanyamaza kidogo. "Samahani, Mwalimu, na barua zako wewe husomewa na wenzako?"

Alasiri ile tulikaa pamoja mbele ya kompyuta. Alinitaka nizime kioo na kuweka kipanya kando, nitumie kibodi na masikio tu. Ukitaka kujua ila za tovuti yoyote, anza hivyo. Bonyeza kitufe cha Tab, usikilize unakopelekwa. Mimi nilisikia "bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa", nisijue hapa ni wapi, kwa kuwa viungo vyote niliviita jina moja. Nilifika kwenye fomu, nikasikia nimetakiwa kuandika, lakini niandike jina au namba ya simu? Lebo zilikuwapo kwa macho tu. Sikuzifunga na visanduku vyake. Vichwa vya habari nilivikoleza wino bila kuiambia kompyuta kwamba ni vichwa, hivyo msikilizaji hakuweza kuruka kutoka sura moja hadi nyingine, ila asikilize ukurasa wote tangu mwanzo. Kadiri tulivyoendelea wakatokea wasahauliwa wengine. Mwalimu mzee mwenye macho dhaifu alilalamikia maandishi yangu ya kijivu juu ya nyeupe. Kanuni za kimataifa, ambazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, sasa hutaka tofauti ya mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Filamu yetu ya sherehe haikuwa na manukuu, na kiziwi aliyeitazama aliona midomo ikicheza tu.

Kusahihisha hakukutumaliza nguvu. Tangazo niliandika upya kwa maneno ya kawaida, viungo nikavipa majina, kama vile "fomu ya mazoezi", na lebo nikazifunga na visanduku. Manukuu ndiyo yaliyotuchosha, siku tatu nzima. Lakini ile shule ya mbali haikubadilishwa. Alikwenda huko, akafundisha muhula wake.

Mwisho nilitumia programu ya ukaguzi, nayo ikasema ukurasa wetu wa historia hauna kosa. Nikafurahi. Mwanachuo yule, aliyekwisha kurudi kutoka mazoezini, aliusikiliza, akauliza, "Picha ya nini hii?" Kumbe katika nafasi ya maelezo nilikuwa nimeandika neno moja, "picha". Mashine iliridhika kuona nafasi imejazwa.

"Ni ya kengele," nilimwambia.

"Kengele ya shule, Mwalimu, au ya kanisa?"

Nikafuta, nikaandika: "Kengele ya Frere Town katika mnara wake, kando ya barabara, zamani ililizwa kuwaonya wakazi majahazi ya watumwa yalipokaribia." Aliyasikiliza maneno hayo mara mbili. Kisha aliniambia kwamba tangu utotoni hupita pale kwa matatu, na kila mara humsikia makanga akiita "Kengeleni! Kengeleni!", wala hakupata kujua kwamba mahali pale pana kengele kweli.