Hadithi, Watoto na Imani: Kutoka Kiungani hadi Freretown

Atakaye kuandika historia ya vitabu vya watoto vya Kikristo katika Kiswahili hana budi kuanzia jahazini. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer, wa misheni ya UMCA, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na wazazi, wala bibi wa kuwatolea hadithi jioni. Kabla ya katekisimu, basi, palikuwa na swali la malezi: mtoto aliyekatwa na kwao atalelewa kwa hadithi ya nani?

Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer, alizikusanya ngano za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales. Humo mna kisa cha Sultani Darai, ambamo paa anamtajirisha maskini kisha analipwa utovu wa shukrani. Wasimulizi walikuwa watu wa Unguja, na maadili ya ngano hizo ni ya mji wa Kiislamu. Steere hakuzibatiza. Alizitaka kwanza kwa ajili ya lugha, naye ndiye aliyekuwa akitafsiri Maandiko. Kwa maoni yangu, Kiswahili cha tafsiri hizo kina deni kwa wasimulizi hao ambalo makanisa yetu hayajalikiri vya kutosha. Pamoja na ngano alitafsiri pia baadhi ya masimulizi ya tamthilia za Shakespeare ambayo Charles na Mary Lamb waliwaandikia watoto wa Uingereza. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na miongoni mwa vijana wake walikuwamo waliofundishwa kupanga herufi.

Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya misheni iliyokuwa mahali hapo: kutekwa, kuuzwa, kuvuka bahari, kuokolewa. Waliandika kwa Kiswahili. Kitabu kilichapwa London kwa Kiingereza. Hivyo mtoto wa misheni alipewa kwa Kiswahili hadithi za Waingereza, ilhali Mwingereza alisoma kwa Kiingereza hadithi ya mtoto huyo. Na umbo la masimulizi hayo halikuwa jambo dogo. Kijana alijifunza kuyapanga maisha yake kama safari itokayo utumwani kwenda kwenye wokovu, na katika safari hiyo Kristo na manowari ya Kiingereza walikaribiana mno. Kuwatenganisha ilikuwa kazi ya imani iliyokomaa, wala si kazi nyepesi kwa mtoto.

Umbo hilohilo twaliona katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela cha mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na alitoka Freretown, makazi yaliyoanzishwa na CMS karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Kitabu kilisomwa shuleni kwa miaka mingi, na wahakiki wa baadaye wamekilaumu kwa kuwatukuza mno Waingereza. Lawama hiyo ni ya haki, ila haimalizi habari. Mbotela aliandika kwa Kiswahili na akakichapisha kwa Kiswahili, hata wajukuu wa Freretown wakaweza kusoma jinsi babu zao walivyotekwa, kwa lugha waliyoizungumza nyumbani.