Ilipouzwa Baga ya Texas, Mtandao Ulichafuka

Juni 2019. Watu wa Texas wako na mambo yao, mara simu zinaanza kuita. Habari imetoka: Whataburger imeuzwa. Siyo tawi moja la kona fulani, ni kampuni yenyewe. Familia iliyoishikilia kwa karibu miaka 70 imeachia sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya uwekezaji ya Chicago, yenyewe imebaki na kipande kidogo tu.

Aisee, mtandao ulichafuka siku hiyo. Watu walimaindi kama vile wameuziwa nyumba ya bibi. Wengine walitania kwamba sasa baga itaanza kuletwa na pizza nene za Chicago pembeni. Wengine wakauliza, tomato sosi yetu itakuwa salama kweli mikononi mwa mji ambao watu wake wanaona kuweka tomato sosi kwenye hot dog ni kosa la jinai? Beki mmoja maarufu wa timu ya Houston Texans, jitu la miraba minne, akaandika kwamba watu wote wachangishane waikomboe kampuni yao. Na huyo beki kwao wala siyo Texas. Kwao ni Wisconsin, kaskazini huko kwenye barafu. Alihamia kikazi tu, baga ikamchukua mazima.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, swali ni dogo: ni baga tu, si ndiyo? Marekani baga ziko kila kona. McDonald's wana matawi mengi kuliko unavyoweza kuhesabu. Sasa kinachomfanya mtu mzima mwenye kazi na watoto alie sababu ya mgahawa kuuzwa ni nini? Ukitaka kuelewa, chukua ubishi wa Simba na Yanga, toa mpira, weka nyama na mkate katikati. Hapo utakuwa umekaribia.

Mambo yalianza mwaka 1950 Corpus Christi, mji wa pwani kusini mwa Texas. Jamaa mmoja rubani wa ndege ndogo alifungua kibanda cha baga akiwa na mwenzake. Wakati huo baga nyingi zilikuwa vidogo, unamaliza kwa kutafuna mara tatu. Huyu akaja na mkate wa inchi 5 na nyama ya robo ratili, akauza senti 25. Lengo lake lilikuwa mteja akishika baga atumie mikono miwili, na akiuma aropoke mwenyewe kwa mshangao kwamba hii ndiyo baga. Hilo ropoko ndilo likawa jina la duka.

Haukupita muda ushirika ukavunjika. Unajua waligombania nini? Senti 5. Mmoja alitaka bei ipande kutoka 25 hadi 30, mwingine hataki. Mwaka 1951 wakaachana, mwenzake akapewa mji wa San Antonio aendeshe huko, rubani akabaki na jina na ndoto zake.

Na ndoto zake zilikuwa hewani kweli. Jamaa alikuwa anaitumia ndege yake kutangaza biashara juu ya mji, anapita na bango linapepea nyuma. Mwaka 1961 akajenga mgahawa wa kwanza wenye paa refu lililochongoka mfano wa herufi A, kule Odessa, magharibi mwa Texas. Paa likapigwa mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe, ambazo ndizo rangi zinazopakwa minara ili marubani wasiigonge. Ukiwa barabarani unaliona kutoka mbali. Texas ni kubwa bhana, unaweza kuendesha gari siku nzima na bado hujatoka ndani yake, kwa hiyo paa linaloonekana kutoka mbali wakati una njaa ni jambo la maana.

Mwaka 1967 ndege ikamuua. Alianguka, akafa. Akaacha mke na watoto na msururu wa migahawa isiyo na kichwa.

Hapa ndipo hadithi inapopata nguvu, na ajabu ni kwamba huwa inasimuliwa haraka haraka. Mjane wake akakamata usukani. Fikiria Texas ya mwaka 1967, mwanamke kuingia kwenye kikao cha biashara akiwa yeye ndiye bosi. Hakuuza. Kampuni ikakua mikononi mwake, baadaye mtoto wao wa kiume akaja kuiongoza. Kwa hiyo watu wa Texas waliposema "familia imetuuza", hawakuwa wanaongelea jina kwenye karatasi. Walikuwa wanamwongelea yule mama.

Halafu kuna suala la usiku. Matawi mengi ya Whataburger hayafungi. Ijumaa usiku mechi za shule za sekondari zikiisha, wachezaji, wapiga matarumbeta na mashabiki wote wanaishia kwenye paa la chungwa. Mtu ametoka klabu saa 8 usiku, anaishia hapo. Nesi ametoka zamu, hapo. Ukiagiza na kukaa ndani unapewa kibao kidogo cha plastiki cha chungwa chenye namba, unakiweka mezani ili mhudumu akuone. Hivyo vibao vinaibwa balaa. Wanafunzi wanavipeleka mabwenini, mtu anatafuta namba ya jezi yake au mwaka wake wa kumaliza shule mpaka aipate. Ni wizi, ndiyo, ila ni wizi ambao ukienda nyumba za watu unaukuta umepangwa kabatini bila aibu.

Mwaka 2001 Bunge la Texas likapitisha azimio la kuitambua Whataburger kama hazina ya jimbo. Wabunge wazima, wamevaa suti, wanaitangaza baga hazina. Sasa ukishaambiwa na bunge lako kwamba kitu ni hazina yenu, na kesho yake unaambiwa kimeuzwa Chicago, utajisikiaje?

Kule California kuna watu wao pia, na ukiwatajia Whataburger watakucheka. Wao wana In-N-Out. Hii ilianza mwaka 1948 Baldwin Park, karibu na Los Angeles, na waanzilishi walikuwa mke na mume. Mume ndiye aliyekuja na spika ya kuagizia ukiwa ndani ya gari, kitu ambacho wakati huo kilikuwa kigeni. Menyu yao ni fupi mpaka inachosha: baga, baga yenye jibini, ya nyama mbili na jibini mbili, chipsi, soda, maziwa mazito ya barafu. Basi. Ila kuna menyu ya siri ambayo siyo siri tena, kila mtu anaijua, na bado mtu akiagiza baga yake "Animal Style" anajiona kama yuko kwenye chama fulani.

In-N-Out hawauzi leseni ya jina lao kwa mtu yeyote. Matawi yote ni ya kampuni. Na hawafungui tawi mahali ambapo gari la nyama kutoka kiwanda chao haliwezi kufika ndani ya siku moja, maana hawagandishi nyama. Ndiyo maana mpaka leo ukienda New York huwezi kuipata. Huku kukosekana ndiko kunakoizidishia utamu. Walipofungua Colorado Novemba 2020, polisi walitangaza kwamba foleni ya magari inaweza kuchukua hadi saa 14. Saa 14 ndani ya gari, kwa baga! Kwa muda huo unapanda basi Dar asubuhi na usiku uko mbali sana.

Kinachoshtua ni jinsi familia hizi mbili zinavyofanana kwa misiba. Mwaka 1993 mtoto wa wale waanzilishi wa In-N-Out, aliyekuwa bosi wa kampuni, akafa kwa ajali ya ndege. Ndege tena. Kaka yake akachukua nafasi, naye akafariki mwaka 1999. Mama yao, bibi mwanzilishi, akawa amezika mume na watoto wote wawili. Aliyebaki kwenye ukoo ni mjukuu mmoja wa kike, binti wa miaka 17. Bibi akaendelea kusimama mpaka naye alipofariki mwaka 2006. Mjukuu akaja kuwa rais wa kampuni mwaka 2010, hajafika hata miaka 30, na amekuwa akisema wazi kwamba hauzi.

Kwa hiyo Texas kulikuwa na mjane, California kulikuwa na bibi na mjukuu wake. Tofauti ni kwamba upande mmoja mwishowe walisaini.

In-N-Out walipoingia Texas mwaka 2011, kwenye vitongoji vya Dallas, ilikuwa kama timu ngeni imekuja kufanya mazoezi uwanja wako bila hodi. Foleni zilikuwa ndefu, na ubishi ukawa mrefu zaidi. Watu wa Texas wakasema baga ya wageni ni ndogo na chipsi zao zimelala. Watu waliohama kutoka California wakasema ya wenyeji ina mkate mwingi. Ukweli kuhusu chipsi za In-N-Out uko upande wa Texas, tusifichane, hata wanaoipenda kampuni hiyo wanalijua hilo. Lakini nani aliwahi kushinda ubishi wa aina hii kwa ushahidi?

Mji wenye haki zaidi ya kununa ni Wichita, Kansas. White Castle, ambao wengi wanawachukulia kama baba wa migahawa yote ya baga za haraka, walianzia hapo mwaka 1921, vibaga vidogo vya senti 5 kila kimoja. Mwaka 1938 wakafunga matawi yao Wichita na hawakurudi tena. Makao makuu yako Ohio. Mtu wa Wichita akitaka kula kitu kilichozaliwa mjini kwake, ananunua zile zilizogandishwa dukani, anapasha nyumbani. Watu wa Texas walipokuwa wanapiga kelele mwaka 2019, hiki ndicho walichokuwa wanakiogopa.

Ilikuwaje basi baada ya mauzo? Makao makuu ya Whataburger yamebaki San Antonio. Paa bado ni la chungwa. Baga bado inashikwa mikono miwili. Wateja wa zamani wanalalamika kwamba bei imepanda na foleni ni ndefu kuliko zamani, ingawa hayo utayasikia kwenye mgahawa wowote Marekani baada ya korona, umeuzwa au haujauzwa. Kilichobadilika kweli ni mipaka. Wenye hela wapya walitaka kampuni isambae majimbo mengine, na ikasambaa.

Hapo kuna kisa cha dogo mmoja kutoka Tyler, Texas. Alikulia kwenye hizo baga, akaja kuwa mrusha mpira wa Kansas City Chiefs na mmoja wa wanamichezo ghali kuliko wote Marekani. Kila akihojiwa alikuwa anasema Kansas City ni poa ila Whataburger hakuna. Mwaka 2021 akaingia kwenye kundi la wawekezaji lililopewa haki ya kufungua matawi huko. Dogo wa mtaani kapata hela, badala ya kurudi nyumbani kula, kaihamishia nyumbani kwake mpya. Na hiyo ilikuja kuwezekana baada ya mauzo yale yale yaliyolaaniwa. Watu wa Texas walipoona nyota wao anaifungua Kansas City, kelele zilikuwa za furaha. Hawakukumbuka Chicago siku hiyo.

Upande wa California nao presha imeanza. Julai 2025 yule mjukuu, ambaye sasa ni mama wa watoto, alisema anahamia Tennessee na familia yake kwa sababu kulea familia California siyo rahisi. Kampuni inajenga ofisi ya mashariki huko huko. Makao makuu yanabaki California, na hajauza hata hisa moja, lakini mashabiki wakaanza kuumwa na tumbo. Wanajua kilichompata jirani.

Rudi Texas sasa, Julai 2024. Kimbunga Beryl kimeipiga Houston, mji mkubwa kuliko yote jimboni, wenye Wakongo, Wakenya na Watanzania wa kutosha. Zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme wako gizani, kwenye joto la Julai bila feni wala friji. Ramani ya shirika la umeme ya kuonyesha wapi pana umeme haifanyi kazi. Watu hawajui waende wapi kuchaji simu, wapi kuna barafu ya dawa za mgonjwa, wapi kuna duka lililofunguliwa.

Mtu mmoja akafungua programu ya simu ya Whataburger. Ndani yake kuna ramani ya matawi. Tawi lililo wazi lina alama ya chungwa, lililofungwa lina alama ya kijivu. Kwa kuwa matawi hayo kwa kawaida hayafungi usiku wala mchana, ukiona kijivu ujue mtaa huo hauna umeme. Akapiga picha ya kioo cha simu yake, akaiweka mtandaoni. Ndani ya muda mfupi nusu ya mji ilikuwa inaangalia ramani ya baga kujua wapi pana mwanga. Kwenye picha ile kulikuwa na madoa mengi sana ya kijivu, na ya chungwa machache yametawanyika, na watu wakaanza kuwasha magari kuyafuata.